Kero: Mnaichambua Streetcleaner kwa spika ya simu, halafu mnasema prodyuza hakujua kazi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima mbele. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "nyimbo nzito". Huu ni wa malalamiko, na walengwa wanajijua.

Kila ikitajwa Streetcleaner, albamu ya bendi ya Godflesh inayopiga industrial metal (metal nzito yenye sauti ya kiwanda), humu zinamwagwa hoja zilezile: ngoma hazina uhai, besi inavuma tu, magitaa ni kama redio iliyopoteza stesheni. Nyota mbili kati ya tano, mtu kaondoka zake. Ukimbana aseme kasikilizia nini, unaambiwa simu, MP3 iliyotoka kwenye flashi ya Kariakoo, ikwalaiza (kirekebisha sauti cha simu) imewekwa "Rock". Sasa hapo umechambua albamu au umechambua simu yako?

Tuanze na ngoma, maana ndiko upotoshaji ulikokubuhu. Albamu ilitoka 1989 chini ya lebo ya Earache. Wenyewe ni jamaa wa Birmingham: Justin Broadrick kwenye gitaa na sauti, G.C. Green kwenye besi. Mpiga ngoma hayupo. Hakuugua wala hakufukuzwa, hayupo kwa makusudi. Kazi yake inafanywa na Alesis HR-16, mashine ya ngoma ya bit 16. Na msije na hoja kwamba walikosa mtu wa kupiga: Broadrick mwenyewe ni mpiga ngoma, alishapigia bendi ya Head of David kabla ya hapo. Walipotaka mkono wa binadamu, kwenye albamu yao ya Songs of Love and Hate ya 1996, walimchukua Bryan Mantia. Kwa hiyo ule ugumu, ule mdundo usiotetereka hata kidogo huku besi inasagwa juu yake, ndiyo albamu yenyewe. Ukiutoa unabaki na metal ya kawaida iliyopunguzwa mwendo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba walalamikaji haohao utawakuta Jumamosi wanaruka singeli, midundo 200 na ushee kwa dakika, yote imetengenezwa kwenye kompyuta Manzese au Mburahati. Sijawahi kusikia hata mmoja anauliza mpiga ngoma yuko wapi.

Besi sasa. Waya mzito wa besi ukiwa kwenye tyuni ya kawaida unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na hawa wanashusha chini ya hapo. Spika ya simu chini ya Hz 400 hivi haina kitu cha maana. Maana yake sauti ya msingi ya Green huisikii kabisa, unasikia mikwaruzo ya juu tu, na hiyo mikwaruzo ndiyo unayoiita "kelele". Kwenye albamu hii besi ndiyo inayobeba riffu (kile kipande kinachojirudia), gitaa mara nyingi linapiga mayowe pembeni. Toa besi, wimbo hauna kichwa wala miguu.

Wenye sabufa nao msicheke. Zile spika mbili ndogo za pembeni, za inchi 3, zinaanza kuchoka mnamo Hz 200. Lile boksi kubwa linafanya kazi vizuri kati ya Hz 50 na 100. Pale katikati, Hz 100 hadi 200, pana shimo, na mngurumo wa besi yenye distosheni (sauti iliyokwaruzwa makusudi) una nguvu yake kubwa humohumo. Mtu anaona besi haitoshi, anazungusha kitufe cha bass hadi mwisho. Shimo linabaki palepale, kinachoongezeka ni mvumo wa Hz 50 na kitu. Kisha anakuja kuandika humu kwamba "miksi ina matope".

Na hiyo "Rock" kwenye ikwalaiza: inapandisha chini, inapandisha juu, inakata katikati. Magitaa ya muziki huu yanakaa kati ya Hz 400 na kHz 2. Umeyafuta kwa kidole chako mwenyewe. Weka "Flat" au "Normal", zima bass boost, zima 3D. Bure kabisa, haimalizi hata bando.

Sijasema kila mtu aipende. Chukia, lakini chukia ukiwa umeisikia.

#2

Mleta uzi umesahau kundi la pili, wanaokosea kinyumenyume. Demanufacture ya Fear Factory, 1995, kila siku tunaambiwa "hiyo ni kompyuta". Anayepiga ni Raymond Herrera, mtu mwenye miguu miwili. Ngoma zake zimepitishwa kwenye trigger, kifaa kinachogeuza kila pigo kuwa sauti iliyorekodiwa, ili kila pigo la kick (ngoma kubwa ya mguu) litoke na sauti moja, na Dino Cazares anakata gitaa sambamba na kick, pigo kwa pigo. Ndiyo maana inasikika kama kiwanda. Mashine ikipiga inaitwa haina roho, mtu akipiga anaitwa mashine. Mnataka nini hasa?

Na nyie mnaosema Broken ya bendi ya Nine Inch Nails (1992) "ni faili bovu, nyimbo tupu zaidi ya 90": faili ni zima. Kwenye toleo la CD moja, namba 7 hadi 97 ni ukimya wa sekunde moja moja, halafu namba 98 na 99 zina nyimbo mbili zilizofichwa. Kuna mtu humu aliomba arudishiwe hela ya kurekodiwa flashi kwa sababu hiyo.

#3

Mkuu #1, hoja zako za kitaalamu sawa, ila unatutukana bure. Si kila mtu ana hela ya mtambo. Hapa mjini wengi tunasikiliza kwa simu, kwenye daladala, mwendokasi imejaa. Muziki uliotengenezwa vizuri unatakiwa usikike popote. Albamu za bendi ya Rammstein, Sehnsucht hata Mutter, weka kwenye simu yoyote uone kama hukuti riffu.

#4 – Mleta uzi

#3 kaka, mfano wako mzuri, na unanisaidia mimi. Rammstein riffu iko kwenye magitaa, yamerekodiwa kwa matabaka, yamejaa pale katikati ambako simu inaweza. Kinanda kinarudia wimbo juu yake, sauti ya mwimbaji imewekwa mbele kabisa. Streetcleaner imepangwa kwa namna nyingine: riffu chini, sauti imezamishwa ndani. Prodyuza hakukosea, ni chaguo. Unaweza kusema chaguo hilo hulipendi, hapo tutajadiliana. Kusema "hakujua kazi" ndiko nakokataa.

Kuhusu hela: sijataja mtambo. Spika za masikioni za waya, zile za mpira zinazoziba tundu la sikio, zinashuka chini kuliko sabufa nyingi za mtaani. Siri yake ni kuziba. Zikilegea, hewa inavuja na besi inapotea yote. Jaribu vipira vyote vinavyokuja kwenye boksi, vya kushoto na kulia vinaweza kutofautiana. Kwenye daladala usijaribu, injini yenyewe inanguruma masafa yaleyale ya besi, utajikuta unapandisha sauti hadi unajiumiza. Desibeli 100 kwa robo saa tayari ni kiwango cha mwisho cha siku nzima kwa mapendekezo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini.

#5

Niongezee kwenye faili, maana ndiko uozo uliko. MP3 ya kbps 128 inakula kama MB 1 kwa dakika, ya 320 kama MB 2.4. Wimbo wa dakika 5 ukiwa MB 4.8, ujue ni 128. Ila ukubwa peke yake usiuamini. Wapo wanaochukua 128 wanaigeuza kuwa 320, faili linanenepa, sauti ileile. Fungua kwenye Audacity, programu ya bure, bofya menyu ya treki, chagua spektrogramu, picha inayoonyesha masafa ya sauti kwa rangi. Kama rangi zote zinakatika ghafla kwenye kHz 16 kana kwamba kuna ukuta, umeuziwa 128 iliyovalishwa koti.

Kwa nini muziki huu unaumia kuliko bongo fleva? Kwa sababu MP3 inabana kwa kutupa kile sikio lisichokiona muhimu, na hapa masafa yote ya sauti yamejaa mwanzo hadi mwisho, hakuna cha kutupa bila kuonekana. Pili, pigo kali la mashine ya ngoma likibanwa sana linatanguliwa na ukungu mdogo kabla halijatua. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapoteza ncha. Watu wanaita "ngoma za plastiki". Matoazi nayo yanatoa sauti ya maji maji.

#6

Mimi naipinga albamu hiyo na nimeisikiliza kwenye CD, kwa hiyo msinizibe mdomo kwa habari ya flashi. Kuanzia wimbo wa 6 hadi wa 10 kuna gitaa la pili la Paul Neville, na sauti inajaa zaidi kuliko nyimbo tano za mwanzo. Ukisikiliza mfululizo unaona kabisa albamu ina nusu mbili. Halafu CD imeunganishwa na nyimbo nne za Tiny Tears mwishoni, jumla zinakuwa 14. Santuri iliishia 10, na iliishia pazuri.

#7 – Mleta uzi

#6 heshima yako mkuu. Huo ndio uchambuzi. Siafiki kuhusu nusu mbili, naona ule ujazo unakuja wakati sikio limeshachoka na linahitaji kugongwa upya. Kwa Tiny Tears nakuunga mkono, zima baada ya namba 10.

#8

Toleo la Streetcleaner la 2010 je? Wengi wanasema ni bora mara mbili, lina nguvu.

#9 – #5 tena

Sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli 1 au 2 tu, litachagua iliyo juu na kusema ina "uwazi". Kabla ya kulinganisha, shusha ile kubwa hadi zilingane, na ujaribu na snea, sio na gitaa. Kwenye programu za kusikilizia mtandaoni acha kile kipengele cha kusawazisha sauti kikiwa kimewashwa. Sababu ya maana ya kulitafuta toleo hilo ni diski ya pili, yenye miksi za awali.

#10

Sabufa yangu ina mngurumo hata wimbo ukisimama. Na chumba ni mita 3 kwa 3, vigae chini, besi inapiga noti moja tu.

#11 – Mleta uzi

Matatizo mawili tofauti. Mngurumo usiokoma ni Hz 50 ya umeme. Chomoa chaja ya simu wakati waya wa pini umeunganishwa, mara nyingi unaisha hapohapo. Ukibaki, chomeka sabufa na kifaa kinachocheza muziki kwenye ekstensheni moja, na angalia kama soketi ina waya wa ardhi kweli au ni tundu la mapambo.

Noti moja: chumba cha mita 3 kinavuma chenyewe kwenye Hz 57 hivi, na kikiwa mraba mvumo unajirudia pande zote mbili. Bomba la hewa la sabufa nyingi limepangwa karibu na hapo. Toa boksi kwenye kona, liache sentimita 50 kutoka ukutani. Usikae umeegemea ukuta, ndipo panavuma kuliko kote, wala katikati kabisa, hapo mvumo unakufa. Kaa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma. Spika ndogo ziinue hadi usawa wa sikio. Mkeka au godoro ukutani litapunguza mwangwi wa juu, kwa besi halisaidii. Kitufe cha bass kianzie robo, ucheze wimbo wa pili wa Streetcleaner, upandishe hadi noti za besi zitofautiane. Zikianza kufanana, umepitiliza, rudi nyuma. Na zile wati 5,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni PMPO, namba ya matangazo isiyo nguvu halisi, usizihesabu.