Nipo Dodoma, nataka kulala kwenye hema ndani ya msitu wa mlimani. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Ramani

Wakuu, salaam. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafundisha Jiografia sekondari. Nina hema la watu wanne, shemeji aliniachia alipohamishiwa Mtwara. Mke wangu na kijana wetu wa kidato cha pili wananidai safari. Mbugani kwa magari ya utalii hapana, bei zake mnazijua, na kushinda garini tukivizia mgongo wa simba siyo ninachotafuta. Nataka mlima, msitu mbichi, baridi ya kuvaa sweta, tulale usiku mmoja au miwili.

Shida yangu ni hii: ramani ya kwenye simu inanionyesha kijani tu. Nikiuliza watu naambiwa "nenda Morogoro, milima imejaa kule." Sawa, nimefika Morogoro, hema naliweka wapi? Kuna sehemu zilizotengwa au mtu anajichagulia? Kibali anatoa nani? Usafiri ni basi au treni, kagari kangu ni ka lami tu. Mwenye uzoefu anielekeze, natanguliza shukrani.

Mtu wa Farkwa

Watu wa mjini bwana 😂 Sisi tumelala porini na ng'ombe utoto mzima, hakuna aliyetudai kibali wala hema. Leo mtu anatafuta nauli akalale chini!

Mpagazi Mstaafu

Mwalimu, huyo wa Farkwa mwache acheke, akifika mita 2,000 mwezi wa saba atauliza blanketi liko wapi.

Hilo "wapi" liweke pembeni kwanza. Uliza msitu ni wa nani. Ukishamjua mwenye msitu, mahali pa hema utaonyeshwa. Nimebeba mizigo ya watafiti wa ndege na miti kwenye Milima ya Tao la Mashariki tangu magoti yangu yakiwa magoti kweli, na kila kambi ilianzia mezani kwa mtu mwenye muhuri.

Hifadhi ya taifa ni ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Kwa msitu wa mlimani, ya kwako ni Udzungwa. Ilitangazwa 1992, ndani haina barabara, kila kitu ni miguu. Unapita Morogoro hadi Mikumi, unakata njia ya Kidatu mpaka Mang'ula, lango lipo hapo. Kambi zipo za umma, na zipo maalumu ambazo kundi moja linaweka nafasi mapema na kukaa peke yake. Hujichagulii. Njia ndefu huendi bila askari mwenye silaha, maana tembo wa mle wanapanda miteremko kama mbuzi na hawapigi honi. Maporomoko ya Sanje, mita 170, ndiyo yanayovuta wengi, na hayo ni matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Hifadhi za mazingira asilia ni za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Humo kuna Uluguru, kuna Mkingu kule Turiani, kuna Hanang. Hapa unakwenda kwa Mhifadhi Misitu wa wilaya, unasema tarehe, idadi yenu na njia mnayotaka kupanda. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki, risiti inatoka, mnapewa na mtu wa kuwaongoza. Atakayetaka hela mkononi bila namba, muage kwa adabu uondoke. Bebeni vitambulisho, bei ya Mtanzania na bei ya mgeni zimepishana mbali.

Halafu kuna misitu ya halmashauri na ya vijiji. Hiyo ni kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Na hata ukiwa na karatasi ya TFS, kijiji cha mwisho kabla ya msitu pita usalimie. Wanakijiji wakiona tochi usiku mlimani bila taarifa wanawaza wapasua mbao au wachimba dhahabu, na watapanda kuja kuangalia, hawaji mmoja.

Kwa familia ya mara ya kwanza bila gari la kupanda, ningekupeleka Uluguru. Treni ya SGR kutoka Dodoma inakushusha Kihonda, Morogoro, unachukua bajaji mpaka mjini, na njia ya kwenda Morningside inaanzia hapo hapo mjini. Ni jengo la Wajerumani la mwaka 1911, lipo juu kwenye mashamba karibu na mpaka wa msitu. Saa mbili hivi kwa mwendo wa kawaida, ongeza muda wa kijana kupiga picha. Ukiwa na hema pale usiku unaona taa za Morogoro nzima chini yako. Juu zaidi ndiyo msitu wenyewe, kuna Bondwa penye minara ya mawasiliano na kuna Lupanga, mita 2,138. Lupanga ni mizizi na matope, mpe kijana, mama akatae kama anataka kukataa.

Kuna wengine watakwambia Gairo, upande kwa Nongwe kwenye milima ya Ukaguru. Ni karibu zaidi na wewe na msitu wake naupenda kuliko wa Uluguru, lakini barabara ni ya udongo, na kambi iliyoandaliwa usitegemee. Milima ya Rubeho ndiyo ngumu kufika kabisa. Kuna aina ya kwale kule haipatikani kwingine duniani, nimewaona Wazungu watu wazima wakitokwa machozi kwa ajili yake. Hiyo siyo safari ya mama na mtoto.

Mpagazi Mstaafu

Nimesahau hema lenyewe. Hata kwenye eneo ulilopangiwa, futi chache zinabadilisha usiku wako.

Sisi wa Dodoma tukiona mti tunakimbilia kivuli. Kwenye msitu wa ukungu tabia hiyo iache bondeni. Usiku ukungu unakuja na upepo, unanasa kwenye majani na kuvumwani (vile vimajani laini vya kwenye magome), halafu matone mazito yanadondoka mpaka asubuhi. Mvua haijanyesha. Aliye chini ya mti anaamka kalowa, mwenzake aliye kwenye uwazi hatua kumi pembeni ana umande tu. Na kabla hujatandika chochote inua macho: tawi kavu linaloning'inia halina haja ya upepo mkali.

Kisha inama uangalie ardhi. Ukiona kajia kembamba kalikolainika katikati, udongo mwepesi umesukumwa pande zote mbili, hiyo ni barabara ya siafu hata kama saa hizo haina mdudu hata mmoja. Watarudi usiku. Songa mbali. Tena usidanganywe na pale palipo tambarare kupita pote, mara nyingi ndipo maji yanapotuama. Kanyaga kwa kisigino, shimo likijaa maji tafuta pengine. Mteremko mdogo hauna ubaya, lala kichwa kikiwa juu. Makorongo makavu unayajua kuliko mimi, umekulia kwenye mito ya mchanga: kikavu hapa, mvua imenyesha kule.

Na hilo hema la shemeji lisimamishe uani, lipige ndoo mbili za maji kwenye mishono. Lisipovuja, kata tiketi.

Dada wa Katesh

Kaka mwalimu, usiondoke bila kuisikia Hanang. Mita 3,420, na kutoka Dodoma ni lami mwanzo mwisho, iwe kwa Singida au kwa Babati. Ni hifadhi ya TFS vilevile, utaratibu ni huo aliosema mzee. Wengi wanapanda njia ya Jorodom, inaanzia hapa hapa Katesh. Chini ni msitu, juu unatoka kwenye vichaka na mgongo mrefu wa mlima wenye upepo.

Lakini ujue mawili. Juu hakuna maji. Unayokunywa, unayopikia na unayonawia yote unayabeba kutoka chini, kwa hiyo ajiri wabebaji wa hapa. Pili ni baridi. Wewe ni mtu wa Jiografia, hesabu hii unawapa wanafunzi: kila mita 1,000 unapoteza kama nyuzi 6. Dodoma ipo kwenye mita 1,100 na kitu, kwa hiyo kileleni toa nyuzi 13 au 14 kwenye joto la kwako, kabla ya upepo.

Na msije msimu wa mvua. Desemba 3, 2023 mlima huu ulishusha tope, mawe na magogo mpaka mjini, tukazika watu zaidi ya 80. Mtu akikwambia korongo fulani lina upepo mtulivu, ni pazuri kwa hema, mkatalie.

Mwalimu wa Ramani

Nimewaelewa sana, asanteni mzee na dada. Naona Uluguru kwanza, likizo ya Juni, Hanang tutajipanga na kijana tukishazoea. Maswali ya mwisho: kuota moto inaruhusiwa? Choo je? Na mke wangu anauliza kama kuna haja ya kununua yale mabegi ya kulalia, bei yake imemshtua.

Mpagazi Mstaafu

Juni umechagua vizuri, mpaka Oktoba njia zina unafuu, ila Uluguru hata kiangazi inaweza kukunyeshea, makoti ya mvua lazima.

Moto usiwashe mpaka anayewaongoza aseme hapa washa. Sheria ya Misitu ya 2002 haitanii kwenye moto, na kuni za mle zimelowa, utavuta moshi tu. Pika kwa jiko dogo la gesi. Mtungi usihangaike nao kwenye treni, upate Morogoro. Siku ya kwanza pikeni kitu cha haraka, tambi au wali wa maharage yaliyochemshiwa nyumbani. Ugali wa kusongea gizani, kwenye upepo, umewahi kuvunja urafiki wa watu.

Choo, kama hamjaonyeshwa kilichojengwa, chimba shimo hatua mia moja kutoka kwenye kijito, fukia. Mto Ruvu unaanzia milima hiyo, na maji yake Dar wanakunywa. Taka zote zirudi kwenye kiroba, hata maganda ya mayai.

Dada wa Katesh

Mwambie wifi asinunue, akope au aende na mablanketi. Ila kosa la wengi ni kurundika yote juu. Baridi ya mlimani inakuja kutoka ardhini. Atandike mkeka, kisha godoro jembamba la sponji, kisha blanketi moja zito chini, ndiyo ajifunike mengine. Na nguo za kulalia ziwe pembeni kwenye mfuko usiopitisha maji, asipande nazo.

Mtu wa Farkwa

Mwalimu, nafasi ya nne kwenye hilo hema ina mtu? Asali nitaleta mimi.