Uwakala wa domeni hapa Mbeya: nianze na .co.tz au .com?

Mwanjelwa_Juu: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nataka kuanza kusajilia watu domeni, yaani majina ya tovuti. Niwe wakala chini ya msajili wa hapa nchini niuze .co.tz, au nichukue uwakala wa kampuni ya nje niuze .com? Ipi ina maisha mbele? Nataka kulipia wiki hii.

Kihesa_Iringa: Mkuu, maelezo hayatoshi. Mtaji kiasi gani? Wateja unao? Unauza jina tupu au na kuhosti, yaani kuwawekea tovuti mtandaoni? Bila hayo tutapiga ramli.

Mwanjelwa_Juu: Mtaji laki nane. Nina stationery, wateja wangu ni wenye maduka, shule binafsi na vikundi vya wakulima.

DadaUyole: Chukua .co.tz. Verisign wanaoendesha .com walipandisha ada wanayomtoza msajili hadi dola 10.26 kwa mwaka, Septemba 2024. Kwako wakala inafika imeshaongezwa, na shilingi ikishuka faida inaliwa yote. Hizi za .tz ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa nchini, mteja analipa kwa shilingi, hata kwa simu.

Kihesa_Iringa: Dada, wenye kambi za watalii Ruaha wanatafuta wageni wa nje. Mgeni anaijua .com.

DadaUyole: Mgeni anataka kujua kambi iko Tanzania kweli. Hiyo .tz inamwambia kabla hajauliza.

Mzee_Tukuyu: Mnabishana juu ya mkia wa jina na kuacha jambo kubwa. Kikundi chetu cha parachichi huku Rungwe kilisajiliwa .com na kijana mmoja wa mjini. Akaandika barua pepe yake, namba yake, akaunti yake. Sisi tulitoa hela tu. Mwaka ulipoisha, taarifa za kulipia zilikwenda kwake, naye alishahama na simu haipatikani. Tovuti ikazimika, na barua pepe za wanunuzi nazo zikakatika, maana zilitumia jina lilelile. Tulikuwa msimu wa kuvuna! Baada ya muda wa kawaida wa kulipia kuna siku 30 za kukomboa jina, lakini ada yake ni kubwa mno kuliko ya kusajili, na kampuni ilitaka maombi yatoke kwenye akaunti ya yule kijana. Siku zikaisha, jina likaachiwa, mtu wa mbali akalichukua. Mabango na maboksi yote tulichapa upya. Kijana, ukiuza .com au .co.tz, andika jina la mteja kama mwenye mali. Ukishindwa hilo, usiingie.

Kihesa_Iringa: Pole sana mzee. Ndiyo maana nasema faida haiko kwenye kusajili, iko kwenye kulipia upya kila mwaka. Ukiwa na wateja mia wanaokuamini, unakula miaka.

Soweto_Mbeya: Mia utawatoa wapi? Wafanyabiashara wa Kabwe hapa mjini wote wanauzia WhatsApp.

DadaUyole: WhatsApp imefungwa kwenye namba moja ya simu. Ukiipoteza namba hiyo, unaanza kuhangaika na wateja wako. Na shule? Njombe na Makambako shule binafsi zinaongezeka, nyingi zinatumia Gmail hadi leo. Zina .sc.tz yao.

Mwanjelwa_Juu: Hiyo .sc.tz sikuijua! Shule inatakiwa ilete nyaraka gani?

DadaUyole: Muulize msajili utakayekuwa chini yake, kabla hujamlipa.

Kihesa_Iringa: Mleta uzi, la kuhosti hujajibu bado.