Re: Re: Re: IDP ya 1949 au 1968? (Dar hadi Newala kwa gari, Disemba)

Baba Pacha, Reading

Wanajamii, asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nisaidieni haraka, tunaruka tarehe 14. Mwaka huu tukitua Dar hatupandi ndege ya Mtwara, tunaendesha wenyewe mpaka Newala. Mjomba ameita ukoo mzima: wa Tandahimba, wa Masasi, hata wale wa Mueda watavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Mjomba akiita mnajua wenyewe, hakuna cha kazi wala shule.

Leseni yangu ya Bongo ilikufa 2017, kwa hiyo nategemea ya huku Uingereza pamoja na IDP, kile kibali cha kimataifa cha udereva. Jana nikaenda kiduka cha kona wanakotolea siku hizi, maana posta hawatoi tena. Binti wa kaunta akavuta karatasi iliyopigwa plastiki, akashuka nayo kwa kidole mpaka herufi T, kidole kikasimama, akaniuliza mimi: "Tanzania ni 49 au 68?" Na foleni iko nyuma yangu, mtu ameshika maziwa. Nikamwambia dada, wewe ndiye uko ndani ya kaunta. Akapunguza picha yangu kwa mkasi mpaka sikio moja likaondoka, akabandika, akagonga muhuri, pauni 5.50. Nafika nyumbani nasoma jalada: 1968. Leo nimerudi, naambiwa aliyekuwepo jana hayupo, pesa hairudi, nianze upya.

Swali langu ni moja. Trafiki wa Kibiti akiiona hii ya 1968 atanipitisha, au ninunue nyingine?

Mjomba wa Muscat

Kaka, usihofie karatasi, hofia tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Juzi juzi nilikodi Noah, kabla sijafika Ikwiriri nimeshapigwa mara mbili. Elfu thelathini, na thelathini nyingine, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu unaendelea. Kijijini mwendo ni 50, hata kama kijiji chenyewe ni mwembe mmoja na mama wa korosho. IDP hakuna aliyeiuliza. Askari alichukua leseni yangu ya Oman, akaisoma upande wa Kiarabu kwa makini kabisa kama anaelewa, akanirudishia: "Haya shekhe, safari njema."

Shida yangu mimi ilikuwa mkono. Huku tunashika kulia. Mbagala Rangi Tatu ilinitoa jasho.

Dada wa Mikindani, Leicester

Mjomba, umejibu swali ambalo halikuulizwa. Kuna IDP za aina tatu, kila moja na mwaka wa mkataba wake: 1926, 1949 na 1968. Ya 1949 inaishi mwaka mmoja, ya 1968 hadi miaka mitatu. Kila nchi ina yake inayoitambua. Baba Pacha, ulipaswa kujua kabla hujafika kaunta.

Na kama watoto wana pasi za huku, umeshawaombea viza? Dola 50 kila kichwa. Msinifanyie yale ya wifi yangu aliyekumbuka akiwa kwenye foleni ya mizigo.

Mtani, Houston

Hamsini? Sisi wa pasi ya Marekani ni mia moja. Dola mia niingie kwa mama yangu mzazi aliyenizaa Nyangao. Uraia pacha hatupewi, ila Baba Pacha yeye pacha anao nyumbani, basi ashukuru.

Kuhusu IDP mnajichanganya wenyewe. Huku tunapewa aina moja tu, ya 1949. Hakuna kuulizana kaunta.

Dada wa Mikindani, Leicester

Ya Houston inamsaidia nini mtu wa Reading?

Mzee wa Ndundu, Toronto

Wanangu, niwasalimu. Nawasoma mnagombana kwa ajili ya karatasi ya pauni tano, nacheka peke yangu humu ndani, nje theluji.

Mimi barabara hiyo niliipita mwaka wa El Niño, 1998. Daraja la mto Rufiji hakuna. Unafika Ndundu unasubiri pantoni, na pantoni siku hiyo imeamua kukaa ng'ambo. Tulilala pale siku tatu. Wanawake walikuwa wanatuuzia muhogo wa kuchemsha, siku ya kwanza kwa bei ya kawaida, siku ya tatu kwa bei wanayoitaka. Marehemu baba alikuwa na redio aliyomnunulia shemeji yake, kaifunga kwa kanga mbili, usiku halali, anaishika mapajani kama mtoto mwenye homa. Tulipovuka, basi likazama kwenye tope kabla ya Somanga. Abiria wote chini, viatu mkononi, wanaume tunasukuma, kondakta anaimba. Siku ya sita ndipo tukaiona Lindi. Redio ilipowashwa kwa mjomba ilitoa mchanga kwanza, sauti baadaye.

Leo mtu anatoka Dar alfajiri na jioni yuko Mtwara, halafu anauliza 49 au 68. Mola amrehemu mzee Mkapa. Alipofungua lile daraja 2005 mimi nililia huku ugenini.

Mjomba wa Muscat

Shikamoo mzee. Samahani, daraja lilifunguliwa 2003.

Mzee wa Ndundu, Toronto

Marahaba. 2003 au 2005, machozi yalikuwa yale yale.

Mtani, Houston

Tusimpambe sana. Daraja la karibu kilomita moja kweli lilikuwepo, lakini zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zilibaki vumbi na tope miaka mingi baada ya hapo. Kusini siku zote tunapewa kipande. Gesi nayo, 2013 watu wakaingia barabarani Mtwara, 2015 bomba likafika Dar, na ile Dubai tuliyoahidiwa mimi nikienda Shangani naitafuta siioni. Sijagusa bado korosho ya 2018, serikali ilipoinunua yenyewe. Shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wanabeba magunia, baba mdogo kakaa na stakabadhi ya ghala mkononi mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa...

Msimamizi

Mtani, tumekubaliana siasa Ijumaa tu. Rudini kwenye barabara.

Mtani, Houston

Korosho ni siasa tangu lini? Korosho ndiyo ada niliyosomea.

Nilisharudi, Mtwara

Habari za huko. Mimi niko Ntwara (ndiyo, na N, nimesharudi mwenyeji), nimeipita barabara hiyo mwezi uliopita. Msikilizeni aliye chini.

Lami ipo, ila Somanga msiiamini. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 mafuriko yaliikata, magari yakalala pande zote mbili. Disemba mvua zinaanza, kwa hiyo kabla hujatoka Dar piga simu uulize. Usiendeshe usiku. Kule mbele ya Kibiti malori yanaharibika katikati ya njia na alama yake ni matawi ya mti, unayaona ukiwa umeshayafikia. Mafuta jaza Nangurukuru, samaki wa kukaanga Somanga, na watoto wakitaka kujisaidia simama penye watu.

Ukifika Mnazi Mmoja pale Mingoyo, usinyooke kuja Mtwara. Kata kulia, Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi, halafu unapanda Newala.

Dada wa Mikindani, Leicester

Asimsalimu mtu wa Mtwara? Apite Mikindani alale, kesho yake apite Nanyamba na Tandahimba aingie Newala kwa juu. Wa Tandahimba si ndio hao hao ukoo wake? Anawabeba njiani.

Nilisharudi, Mtwara

Dada, lini mara ya mwisho umepita Tandahimba na gari dogo? Huko kuna ujenzi, kuna michepuko, na mvua ikinyesha ule udongo wa juu unateleza kama sabuni. Kuna mtu mzima alikaa Mnivata nusu siku.

Dada wa Mikindani, Leicester

2019. Na tulifika.

Baba Pacha, Reading

Nawashukuru wote. Nimechukua ya Masasi, na Mikindani tutakuja wakati wa kurudi, dada usininunie. Mama pacha ni mtu wa Moshi, hajawahi kufika kusini, na mtani wake mmoja kazini amemjaza kwamba atapikiwa samaki nchanga (panya, kwa asiyejua). Ananiuliza kila usiku ni samaki wa aina gani. Nimemwambia wa maji baridi.

Bibi nimeongea naye jana. Hasikii vizuri, simu anashikiwa. Aliuliza kitu kimoja tu: wale watoto wanajua kula ming'oko au nichemshe wali?

Mzee wa Ndundu, Toronto

Ming'oko! Mwanangu, umeniua. Ile mizizi ya porini unamenya ganda moto moto, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unatafuna mnaongea mpaka usiku.

Nilisharudi, Mtwara

Disemba ming'oko ya kutafuta, mzee. Watakula maembe. Mabibo ya mwisho mwisho nayo labda watayakuta, na ya kwanza yatakuwa yameshageuka uraka, pombe ambayo watoto hawahusiki.

Wapelekeni Shimo la Mungu, ni pale pale Newala. Wanasimama ukingoni wanaona nchi yote chini mpaka upande wa Ruvuma. Shikeni mikono.

Baba Pacha, Reading

Inshallah. Sasa wenye gari la kukodi Dar wamenijibu leo. Wanataka nakala ya leseni mbele na nyuma, pasi, na "kibali cha kimataifa kinachotambulika". Hawajasema cha mwaka gani. Nimewapigia, aliyepokea akaniambia: "Wewe unacho kipi?" Nikasema 68. Akanyamaza kidogo, akasema ngoja nimuulize bosi. Ndugu zangu, niwatumie hii au nirudi kwenye kaunta ya yule binti?

Mjomba wa Muscat

Tuma picha ya gari kwanza. Ni Noah? Kama ni ile ya zamani angalia AC.

Mtani, Houston

Na tairi la akiba. Wangu alinipa gari lenye jeki ya gari lingine.

Mgeni, Milton Keynes

Samahani naingilia, mimi mpya humu, kwetu Lindi, Mitwero. Baba Pacha umesema mnaruka tarehe 14. Mna nafasi ya kilo tatu begini? Ni viatu vya shule na dawa ya presha ya mama. Mnazi Mmoja mnapita hata hivyo, mdogo wangu atasimama hapo na shati jekundu.