Michezo ya theluji kwenye TV: dishi, bando, chaneli ya bure au kibandaumiza, ipi inakufikisha hadi mtu wa mwisho?

BahiHadiNzuguni:
Mbukwenyi wakuu.

Naomba tulinganishe maana nimechoka. Nafatilia michezo ya theluji tangu 2018, mwaka huo nilifungwa hogo mguuni nikawa nashinda mbele ya TV. Huku Nzuguni theluji hakuna, kuna vumbi na upepo, ila kitu kimoja kilinishika, wale watazamaji pembeni ya mlima wanapiga kengele za ng'ombe. Nimekulia Bahi nikichunga, nikisikia ile sauti nakaa chini.

Sasa Februari 2026, Olimpiki ya theluji ya Milano Cortina kule Italia, tarehe 6 mpaka 22, nilijipanga kabisa. Tofauti ya masaa na Italia ni mawili tu, sio kama Pyeongchang ilivyokuwa sita au Beijing tano, kwahiyo mbio nyingi za mlimani zilikuwa zinaangukia mchana wetu na zile za ukumbini usiku. Nimejaribu njia nne na kila moja imenikera kivyake.

Dishi la kulipia (sitaji la nani). Picha safi, unaona laivu, na nililipia kifurushi kikubwa cha michezo. Tatizo wanakata. Kwenye mbio za kuteremka mlima vigogo wanatoka mapema, wakishashuka ishirini au thelathini hivi unashtukia wamerudi studio, watu wawili wanaongea, tangazo, halafu marudio ya mechi ya juzi, na mlimani bado watu wanashuka! Na hao wanaoshuka mwishoni ndo wenye namba kubwa, wa nchi ndogo, ndo humo unamkuta Mwafrika ukibahatika. Mimi namsubiri huyo. Nimekaa saa nzima namsubiri yeye halafu unaniletea studio?

Halafu mvua. Siku moja wanawake wanashuka, wingu likafunga kutokea upande wa Ihumwa, matone ya kwanza tu kwenye bati picha ikaanza chenga. Mshindani yuko hewani, skii zote mbili zimeachana na theluji, picha ikaganda hapohapo, nusu ya mlima imegeuka vipande vya kijani, lakini sauti inaendelea, kengele zinalia. Mke wangu akachukua mwavuli akatoka kulitazama dishi. Ilivyorudi yule dada ameshafika chini na sijui alipitaje.

Chaneli ya bure: muhtasari wa nusu saa usiku, waliopata medali basi.

Bando: unafungua video unaambiwa haipatikani nchini kwako. Ukipata inayofunguka, kichwa chake kimeshaandika nani kashinda.

Kibandaumiza: mpira, mpira, mpira.

Nauliza wenye uzoefu, msimu ukirudi Oktoba mwisho nishike ipi? Kipimo changu ni kimoja, inanionyesha mpaka mtu wa mwisho au hainionyeshi.

---

Kongwa_Juu:
Mkuu umenigusa sana, na nikwambie hilo la kukata sio la huku kwetu tu. Pyeongchang 2018, ile supa-ji ya wanawake (mbio za kasi za kuteremka mlima), NBC ya Marekani ilishatangaza Anna Veith wa Austria ndo bingwa wakahamia kwenye kuteleza kwa madoido kwenye barafu. Akashuka Ester Ledecká wa Ucheki, namba 26, mtu ambaye anajulikana zaidi kwa snoubodi, akamzidi Veith kwa sekunde 0.01. Moja ya mia! Ikabidi warudi kuwaeleza watu kwamba bingwa ni mwingine. Yule dada mwenyewe alisimama chini anautazama ubao haamini. Na wiki moja baadaye akachukua dhahabu ya snoubodi pia.

Sasa sikiliza hii, kwenye mbio hizohizo alikuwepo Sabrina Simader wa Kenya, jirani yetu kabisa, Mkenya wa kwanza kushindana skii za mlimani kwenye Olimpiki, akamaliza wa 38. Wangapi Afrika Mashariki walimuona anashuka? Mimi sikumuona, na nilikuwa nimeamka alfajiri kwa ajili hiyo.

---

Mama_Makole:
Habari zenu wanangu. Mimi natetea muhtasari kidogo. Nafanya kazi kwa zamu, mchana sipo nyumbani, na ninachopenda mimi ni kule kuteleza kwa madoido kwenye barafu, kunaanza usiku kwetu, kunaisha usiku wa manane na kesho kuna kazi. Nusu saa ya muhtasari kwangu inatosha kama ingefanywa vizuri. Lakini wanaharibu, wanakuonyesha mtu anaruka mara moja, anaanguka, makofi, medali. Hawakuambii kwanini aliyeanguka kamshinda ambaye hakuanguka!

Nilikuja kuelewa mwenyewe baada ya kuangalia laivu siku nilizokuwa off. Kile kiboksi cha pembeni juu chenye vimraba, kijani maana yake mruko umekubalika vizuri, njano majaji wanauangalia tena, nyekundu umeharibika. Kila mruko una bei yake, kwahiyo mtu anaweza kuanguka kwenye ule mgumu na bado akabaki na pointi kuliko aliyeruka rahisi. Kitu cha kueleza kwa dakika mbili. Kwenye muhtasari wanakata hata hicho kiboksi.

---

FundiDishi_Sabasaba:
Shikamoo mama. Wakuu, kwenye mvua niwasaidie maana ndo kazi yangu.

Haya madishi madogo yanatumia masafa ambayo matone ya mvua yanayameza, hilo halikwepeki mvua ikiwa kubwa kweli. Ila ukiona tone la kwanza tu picha inaganda ujue dishi lako lilishakuwa pembezoni siku nyingi, siku za jua linajikongoja tu wewe huoni. Dodoma upepo wetu wa miezi ya kiangazi unalisukuma kidogokidogo, nati zinalegea, ikifika Desemba mvua zinaanza ndo watu wananipigia. Na mvua zetu ni hizohizo Desemba mpaka Aprili, msimu wa theluji wenyewe, kwahiyo mpenzi wa skii ndo anaumia kuliko wa ligi.

Cha kufanya: fungua menyu ya king'amuzi uangalie kipimo cha signali siku ya jua kali, kama kiko katikati tu, mwite fundi mwenye mita, sio wa kukisia kwa macho. Akaze nati, aizungushe LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea signali) kidogo mpaka kipimo kipande, abadilishe kile kichwa cha waya pale kwenye LNB kama kimeota kutu, maji yakishaingia kwenye waya humalizi matatizo. Na kama paa linaruhusu weka dishi kubwa zaidi, la sentimita 90 linavumilia mvua kuliko la 60. Na mwambie shemeji asitoke na mwavuli wakati wa radi tafadhali, hilo naliomba sana.

---

Mwaka3_UDOM:
Mimi wa bando. Najua mapungufu ila acheni niwaambie linapokushinda na linapokubeba.

Linapokushinda: laivu inachelewa nusu dakika mpaka dakika nzima nyuma ya TV. Kwenye baiathloni hiyo ni balaa, mtu analenga risasi ya mwisho, moyo unadunda, meseji inaingia kwenye grupu "kakosa!". Sikuhizi nikiangalia nazima grupu zote. Halafu jioni hosteli netiweki inajaa, picha inashuka mpaka huoni shabaha, unaona vidoti vinatembea kwenye weupe.

Linapokubeba: halikati. Zile video laivu za mashirikisho ya michezo yenyewe zinazofunguka huku, kamera inabaki palepale mpaka wa mwisho apite, hakuna studio, wakati mwingine hata mtangazaji hakuna, unasikia upepo na skii tu. Ukishusha mpaka 480 inakula kama nusu GB kwa saa. Mbio moja ya saa moja na nusu haifiki GB moja. Kwa kipimo chako kaka wa Nzuguni, bando ndo jibu.

---

Kikuyu_Kaskazini:
Samahanini, hiyo baiathloni huwa naiona inapita tu sielewi. Kwanini wengine wanaenda kuzunguka kale kaduara? Mtangazaji anaongea kama kila mtu anajua.

---

Mwaka3_UDOM:
@Kikuyu_Kaskazini swali zuri na ndo lawama yangu kubwa kwa watangazaji. Anakimbia kwa skii, anafika uwanja wa shabaha, shabaha tano mita 50 mbele. Akilala shabaha ni duara la milimita 45, akisimama ni milimita 115. Kila anayokosa anakwenda kuzunguka kale kaduara ka mita 150, ni adhabu, kanamla sekunde ishirini na kitu. Na amefika pale anahema vibaya, ndo utamu wenyewe, mwenye mbio anaweza kupoteza kila kitu kwa kidole. Ila kuna aina moja hawazunguki, kila kosa linaongezwa dakika nzima kwenye muda wake.

Sasa TV inafanyaje? Inaweka tangazo watu wakiwa wanafika kwenye shabaha. Wakirudi unaona mtu yuko kwenye kaduara hujui kakosa ngapi.

---

Kikuyu_Kaskazini:
Aisee asante, leo nimeelewa. Miaka yote nilidhani wanapasha misuli.

---

Kibanda_Ihumwa:
Wakuu mimi ndo hao mnaowasema, nina kibanda. Nisemeni ila nisikilizeni, mteja anatoa 500 yake kuona mechi, siwezi kumwekea kelingi, watu wanafagia barafu mbele ya lile jiwe, ataondoka na benchi lake.

Lakini mchana kibanda hakina mtu. Februari kuna Jumamosi moja nilifungua saa saba nikaacha baiathloni wakati nafagia. Vijana wa bodaboda waliokuja kukaa kivulini kusubiri mechi wakaanza kuulizana, yule wa mbele mbona karudi nyuma, mara wakagawana, huyu Mnorwe wangu, huyu Mfaransa wako. Ilipofika muda wa mpira kuna wawili walinikatalia nisibadilishe, wakasema bado mtu mmoja hajalenga! Nilibadilisha ila niliona huruma. Kwahiyo mchana kama hakuna mechi njooni, mniambie siku mbili kabla.

---

BahiHadiNzuguni:
Asanteni sana wote. Mama Makole umenifundisha kitu, kile kiboksi nilikuwa nakiona kama pambo.

Niseme kwanini nang'ang'ania mtu wa mwisho, labda wengine mnaona ni utoto. Nagano 1998, kilomita 10 za skii za kukimbia, Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa riadha ambaye hakukua na theluji, akamaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya bingwa. Bingwa alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwe. Hakuondoka. Alisimama mstarini kwenye baridi ile, sherehe ya medali ikasubiri, mpaka Boit alipofika akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanae jina la Dæhlie. Sasa jiulizeni, kamera ingekata alipofika wa thelathini, lile kumbatio tungelionea wapi? Bingwa mwenyewe alisubiri, mwenye chaneli anashindwa nini?

Kwahiyo naona hivi. Dishi nabaki nalo kwa ajili ya picha, ila sitalipia tena kifurushi kikubwa mwezi mzima, nitalipia Januari tu kwasababu ya zile mbio kubwa za kuteremka mlima za Wengen kule Uswisi na Kitzbühel kule Austria. Ile ya Wengen siwezi kuiangalia kwenye simu, ni zaidi ya kilomita nne za mlima, dakika mbili na nusu mtu anashuka, kuna mwaka mmoja, 2013, Johan Clarey wa Ufaransa alipimwa pale kilomita 161.9 kwa saa. Inataka kioo kikubwa. Wakikata nahamia kwenye bando palepale.

---

Kongwa_Juu:
Mkuu ongeza na hii, inasaidia mno. Tovuti ya shirikisho la skii ina matokeo laivu, maandishi na namba tupu, inakula MB chache hata kwenye 3G ya huku Kongwa inafunguka. Unaona nani kaanza, sekunde zake kila kituo, na orodha ya wanaofuata. TV ikikata unajua mtu wako bado namba ngapi, unafungua video zamu yake ikikaribia tu, bando halikuishii kwa wasiokuhusu. Kuna siku nimemfatilia mtu kwa namba tu bila picha, dakika nzima nimeshika simu kwa mikono miwili, niamini inawezekana.

---

BahiHadiNzuguni:
Hiyo sikuijua kabisa, nimeshaifungua, naiweka mwanzo wa simu.

@FundiDishi_Sabasaba nimeangalia kipimo leo saa nane jua kali, kiko chini ya nusu. Jumamosi una nafasi? Nyumba iko karibu na stendi ya Nzuguni.

---

FundiDishi_Sabasaba:
Chini ya nusu jua kali! Hiyo hata bila mvua ungeikosa. Jumamosi saa tatu asubuhi nipo na mita. Nunua kabisa waya mpya mita 15, usinunue ule mwepesi wa kung'aa.

---

Kibanda_Ihumwa:
Na mimi hiyo ya Wengen niandikieni tarehe ikitoka. Kama haigongani na ligi naiweka, mpaka wa mwisho.