Kupima umaarufu wa Kaoru Mitoma mtandaoni: kitumike kipimo gani?

Mwandishi_Chipukizi:
Ndugu wadau, naandaa makala kuhusu wachezaji wa Japani wanaosakata kabumbu Ulaya, na ningependa kuonyesha kwa takwimu jinsi umaarufu wa Kaoru Mitoma, winga wa Brighton, ulivyobadilika mtandaoni tangu Kombe la Dunia la mwaka 2022. Nilikusudia kutumia idadi ya wafuasi wake wa Instagram, lakini mhariri wangu ameikataa. Nitumie nini?

Winga_Mstaafu:
Mhariri wako ana hoja. Idadi ya wafuasi ni limbikizo, kwa maana kwamba aliyeanza kumfuata wakati wa Kombe la Dunia bado anahesabiwa leo hata kama hajautazama tena ukurasa huo, hivyo mchoro wako utaelekea kupanda tu, awe anafunga mabao au anauguza jeraha. Jaribu Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha jinsi jambo linavyotafutwa mtandaoni kadiri muda unavyokwenda.

Mpenda_Takwimu:
Naunga mkono, ila kwa tahadhari. Google Trends haitoi idadi ya watu waliotafuta; inatoa alama kati ya 0 na 100, ambapo 100 ni kilele cha kipindi na eneo ulilochagua mwenyewe. Ukiingiza wiki ya mechi ya Japani na Hispania kwenye Kombe hilo la 2022, miezi mingine yote inaweza kuonekana kana kwamba hakuna aliyemkumbuka. Vilevile, chagua mada badala ya neno, kwa sababu jina lake huandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kijapani, na hata Wajapani wenyewe hukosea herufi ya pili ya ukoo wake. (Ungekuwa unamchunguza Endo ungepata shida zaidi, maana Wataru na Yasuhito wote wamechezea timu ya taifa.)

Bi_Hesabu:
Mimi ningeegemea takwimu za kutazamwa kwa kurasa za Wikipedia, ambazo zipo wazi kwa kila siku tangu Julai 2015, hutenganisha lugha, na hujitahidi kuwaondoa roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe. Toleo la Kijapani litakupa taswira ya karibu ya wasomaji wa Japani, na la Kiingereza litakupa mchanganyiko wa dunia nzima, si Uingereza peke yake.

Angalia sana saa. Mechi ile ya Hispania, ambayo Mitoma aliuokoa mpira kwenye mstari wa mwisho na Ao Tanaka akafunga, ilianza saa nne usiku wa tarehe 1 Desemba huko Doha, wakati Japani ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 2. Siku ya Wikipedia hufuata saa za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Japani kwa saa tisa, kwa hiyo hugeuka saa tatu asubuhi kwa saa za Japani. Aliyemsoma kabla ya kwenda kazini amehesabiwa tarehe 1, na aliyemsoma wakati wa chakula cha mchana amehesabiwa tarehe 2. Jumlisha siku hizo mbili.

Mwandishi_Chipukizi:
Nashukuru sana. Je, naweza kuunganisha vipimo hivi vyote kuwa alama moja?

Bi_Hesabu:
Sikushauri, kwani uzito utakaokipa kila kipimo utakuwa wa kubuni. Vilele navyo huonyesha tukio kuliko mtu: bao lake la dakika za nyongeza dhidi ya Liverpool, Januari 2023, au ziara ya Brighton nchini Japani, Julai 2024. Chukua siku zisizo na mechi wala habari kubwa, tafuta namba ya kati ya kila msimu, kisha ulinganishe misimu, Kijapani peke yake na Kiingereza peke yake.