Fedha za ughaibuni asilimia 40 ya pato la nchi: inajiendesha au inalishwa?

Mleta mada: Wakuu, tangu 2022 fedha ambazo Watajiki walio nje wanatuma kwao Tajikistan zimekuwa karibu asilimia 40 ya pato la nchi, au zaidi. Tonga nayo iko hukohuko. Nepal ni kama robo. India, iliyokuwa nchi ya kwanza kupokea zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka mmoja, haifiki hata asilimia 4. Msimamo wangu: nchi ikivuka asilimia 20 haijiendeshi tena, inalishwa. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

Mchangiaji wa kwanza: Inalishwa na nani, mkuu? Anayebeba zege Moscow ni mtoto wa nyumba ileile inayopokea. Huo ni mshahara wake, si msaada. Halafu hesabu umeichanganya, na hauko peke yako. Pato la ndani ni thamani ya kinachozalishwa ndani ya mipaka. Fedha ya kutumwa haimo humo. Huwekwa kando yake ili tuone ukubwa wake. Ni uwiano, na uwiano hupanda hata kama juu, kwenye fedha iliyotumwa, hakujaongezeka kitu, ilimradi chini, kwenye pato, kumeporomoka. Angalia Lebanon baada ya 2019: waliokuwa nje hawakuanza kutuma zaidi, uchumi ndio uliosinyaa, asilimia ikaruka. Kwa kigezo chako, Walebanon waligeuka tegemezi ghafla huku jamaa zao wakituma kilekile.

Mchangiaji wa pili: Anayetuma mmemsahau. Kutuma dola 200 bado kunakula wastani wa asilimia 6 hivi, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Na Marekani tangu Januari 2026 inamtoza asilimia 1 anayetuma kwa fedha taslimu. Nyinyi bishaneni kuhusu pato la taifa.

Mleta mada: Hoja ya Lebanon nimeikubali, kigezo cha 20 nakifuta. (Ya makato pia ni kweli, ila huo ni mjadala mwingine.) Lakini sarafu ya Urusi ilipoporomoka mwishoni mwa 2014, mwaka uliofuata kaya za Watajiki ziliumia kwa jambo lililoamuliwa mbali kabisa nao. Mtaniambia 2020, mwaka wa korona, Benki ya Dunia ilitabiri fedha hizi zingeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zikashuka chini ya asilimia 2. Sawa, lakini hiyo ni jumla ya nchi nyingi, jumla huficha. Wanepali wametapakaa Ghuba, Malaysia, India na kwingineko. Watajiki, walio wengi mno, wako Urusi. Nchi hizo mbili sasa nisingezipima kwa rula moja, hata asilimia zao zikilingana.