Naombeni ushauri: shemeji hataki kuisahau Peach Bowl

Wakuu, habari zenu. Naishi Houston na naishabikia Texas (timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani), ila kaka yake mke wangu amesoma Arizona State. Kila tukikutana anafufua Peach Bowl, mechi ya mtoano ya Januari 1, 2025 kati ya timu zetu. Matokeo 24-24, robo ya nne inaishia, Michael Taaffe wetu akamgonga Melquan Stovall wa Arizona State, kofia kwa kofia. Waamuzi wakatazama marudio ya video, wakasema hakuna kosa. Wangetoa adhabu, Arizona State wangesogezwa yadi 15 na kuanza upya majaribio yao manne, na Taaffe angetolewa. Tukashinda 39-31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza.

Kusema kweli, naona Stovall hakuwa na namna ya kujikinga. Lakini kanuni ya kosa hilo (targeting) haiishii kwenye kugongana vichwa. Inataka pia dalili kwamba mchezaji alimlenga mwenzake, mfano kujirusha juu au kuinamisha kichwa kabla ya kugonga. Hapo ndipo tunapokwama (mke wangu ameshatishia kuzima TV).

Mnaozijua kanuni za NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani), dalili hiyo mliiona? Na nimjibuje shemeji bila kuharibu undugu? Jumapili anakuja kula, na video anayo kwenye simu.